Slabu zako bado zina kazi, tatizo liko chini yake

Swali: Shikamoo fundi. Tuko Forest ya Zamani, Mbeya, kwenye nyumba tuliyoachiwa na baba mkwe. Kutoka getini hadi barazani kuna njia ya slabu za zege, urefu kama mita 14, slabu mbili mbili kwa upana, kila moja futi mbili kwa futi mbili. Nyingine zimezama, nyingine zinacheza ukikanyaga. Kiwanja kinateremka kutoka getini, kwa hiyo mvua ikinyesha maji yanafuata njia hadi mlangoni. Karibu na mparachichi slabu zimeinuliwa na mizizi. Mama mkwe anatembea na fimbo, na mwezi wa 3 aliteleza hapo. Nimehesabu slabu nzima nimepata 31, zilizobaki zimepasuka. Fundi niliyemwita anasema zege lililozeeka limekufa, tuponde zote tuweke pevingi. Hela ya pevingi sina. Huko nyuma kuna mifuniko miwili ya zege ya shimo la zamani la maji taka, nayo inaweza kusaidia? Nianzie wapi?

Jibu:

Marahaba mama, na mpe pole mkweo. Usiponde slabu hata moja mpaka umalize kusoma. Slabu 31 nzima ni mtaji, na zilizopasuka nazo zina kazi yake. Hela kidogo uliyonayo isiende kununua kitu kipya cha kukanyagia. Iende chini, kwenye udongo, maana huko ndiko njia yako ilikoharibikia.

Hilo la zege kuzeeka na kufa nimelisikia kwa mafundi wengi. Zege halifi kwa umri. Lililomwagiliwa vizuri siku zake za mwanzo huendelea kukomaa polepole kwa miaka. Kinachoua zege ni mchanga uliochanganyika na udongo, saruji iliyopunjwa, au nondo iliyopata kutu, ikavimba na kulipasua kutoka ndani. Slabu za bustani za futi mbili kwa kawaida hazina nondo, kwa hiyo ugonjwa huo wa mwisho hauzihusu. Na slabu iliyopigwa jua na mvua za Mbeya miaka yote hiyo bila kumung'unyuka imekwisha jithibitisha, tofauti na pevingi zinazofyatuliwa leo na kupakiwa kwenye gari keshokutwa, hazijapata hata maji ya kukomaa.

Sasa chimba kidogo pembeni ya slabu mojawapo iliyozama, uangalie kilichomo. Sehemu nyingi kuanzia mjini Mbeya kupita Uyole hadi Rungwe utakuta udongo mweusi mwepesi, na ndani yake vijiwe vya kijivu au vya manjano vyenye vitundu vitundu. Vitupe kwenye ndoo ya maji, vingi vitaelea. Hiyo ni pumisi, iliyorushwa na volkano za Rungwe na Ngozi zamani hizo. Udongo huu viazi vinaupenda, lakini chini ya njia una tabia mbili mbaya: ukilowa na kukanyagwa unabonyea, na maji yakipata mwanya yanaondoka nao. Slabu zako inaelekea zililazwa juu ya udongo huo huo, labda na mchanga kiduchu. Maji yanaingia kwenye viungo, yanachota udongo taratibu, mwisho slabu inabaki imeegemea kona tatu huku kona ya nne iko juu ya tundu tupu. Siku kijana anayeleta gunia la mkaa anapokanyaga hapo, inapasuka katikati. Ungeweka pevingi juu ya kitanda hicho hicho, zingezama vile vile, tena haraka zaidi, kwa sababu ni ndogo na kila moja inazama kivyake.

(Kwa msomaji wa Iringa mwenye udongo mwekundu wa mfinyanzi: wako haubebwi kirahisi hivyo, ila haupitishi maji upesi. Maji yanalala chini ya slabu na njia inakuwa tope. Dawa ni hii hii, ila mfereji wa pembeni kwako ni lazima.)

Huku nyanda za juu kusini mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na kwa jirani zetu wa Tukuyu zinasogea mbele zaidi ya hapo. Kwa hiyo kazi yote ifanyike kati ya Juni na Oktoba. Usiruhusu mtu akung'olee njia Oktoba mwishoni kwa ahadi kwamba atamaliza wiki hiyo.

Kabla ya kung'oa chochote, fyatua slabu za kujazia, kwa sababu hizo zinahitaji muda wa kukomaa. Hesabu iko hivi: slabu ya sentimita 60 pamoja na kiungo cha sentimita moja inachukua sentimita 61. Mita 14 ni safu 23, safu moja slabu mbili, jumla 46. Una 31, zimepungua 15. Fyatua 18, kwa kuwa katika zile 31 zipo zitakazofeli kipimo. Nunua mbao za 2 kwa 2, mbao za Mafinga hazikosekani mjini, utengeneze fremu tatu au nne za ndani sentimita 60 kwa 60. Zipake oili chafu ili zege lisigande. Mchanganyo ni karai moja ya saruji, mbili za mchanga wa mto uliochekechwa, tatu za kokoto za nusu inchi. Slabu moja yenye unene wa sentimita 5 inakula zege lita 18, na mfuko wa kilo 50 kwa mchanganyo huu unatoa slabu saba hivi. Nunua mifuko mitatu. Kitakachobaki kitatumika kwenye kingo.

Maji yawe kidogo. Zege la slabu linatakiwa lishindiliwe kwa mwiko na kugongwagongwa fremu mpaka viputo vitoke. Likitiririka lenyewe kujaza fremu ujue limezidi maji. Na hapa nasisitiza, fundi asikupigie niru juu, ile saruji tupu inayosuguliwa mpaka iwe laini. Najua niru inapendeza macho na inamfanya fundi aonekane fundi, lakini njia ya nje yenye niru ni kitu cha kuvunjia watu nyonga. Zege likianza kukaza, pitisha ufagio wa chelewa juu yake mara moja, mistari ikate upana wa njia ili soli ikutane nayo. Zifunike kwa viroba vilivyolowa siku 7. Julai usiku Mbeya kuna baridi kali na saruji hukaza polepole, hivyo usitoe fremu asubuhi inayofuata kwa kuzoea kazi za joto. Zisikanyagwe mpaka wiki 4 ziishe.

Wakati hizo zinakomaa, ng'oa za zamani. Mita ya ujazo ya zege ina kilo kama 2,400, kwa hiyo slabu yako moja inapita kilo 40. Ni mzigo wa watu wawili. Mtarimbo unaingizwa kwenye kiungo, kipande cha ubao kinawekwa nyuma yake kama egemeo, slabu ikiinuka inatelezeshwa juu ya vipande viwili vya bomba mpaka kwenye toroli. Buti na glovu ni lazima, kwa sababu chini ya slabu ndiko nge na tandu wanakojihifadhi, na watoto wakae mbali. Slabu zisimamishwe kwa ubavu, zimeegemea ukuta, juu ya mbao mbili. Ukizilaza ardhini moja juu ya nyingine, ile ya chini inabeba zote na ardhi haijasawazishwa, utaongeza idadi ya zilizopasuka kwa mikono yako mwenyewe.

Zikiwa zimesimama hivyo, zipime. Gonga kila moja katikati kwa nyundo ndogo. Nzima inalia, mlio mkali unaodumu kidogo. Yenye ufa wa ndani inatoa sauti nzito iliyozimika, na ukishasikia mbili tatu sikio linazoea, huhitaji tena kuelezwa. Kisha chukua msumari wa inchi 4 ukwaruze uso kwa nguvu. Ukiacha mstari mweupe tu, iko sawa. Msumari ukizama na mchanga ukaanza kumwagika, hiyo ilipunjwa saruji, ipeleke kwenye kundi la kingo. Pima na unene kwenye ubavu. Zilizofyatuliwa uani kwa mkono hazilingani, moja sentimita 4 na nusu, nyenzake 6. Andika unene kwa chaki, ili zinazolingana zilale karibu karibu na usiwe unarekebisha kitanda kila hatua.

Halafu igeuze uone upande wa chini. Upande huu haujawahi kuguswa na jua wala kiatu, na mara nyingi hauna niru. Ukiwa umenyooka kiasi cha kutosha, huo ndio uwe uso mpya. Kama ule wa zamani ulisuguliwa laini, ndio uliochangia mkweo kuteleza, na ukoga wa kijani ulimalizia. Slabu ambayo upande wa chini una mabonde itabidi ibaki na uso wake wa zamani. Isugue kwa brashi ya waya na maji, ukoga ukikaidi tumia dawa ya klorini iliyozimuliwa, iache dakika chache, suuza sana. Usichanganye klorini na asidi yoyote wala siki, hewa yake inaumiza mapafu. Baada ya hapo fundi apitishe grainda kukata mistari myembamba kwenye uso, maji yakimwagiliwa na mdomo ukiwa umefungwa barakoa inayokaa vizuri. Vumbi la zege lina silika na halitoki kifuani.

Nikiwa bado kwenye mambo ya kifua: nyumba za umri wa yenu mara nyingine zina mabaki ya asbesto uani, karatasi za bati la kijivu au bapa nyembamba za milimita chache zilizowahi kuwa dari. Watu huzichanganya na vipande vya zege na kuzitandika njiani. Ukiona kitu cha kijivu chembamba namna hiyo, chenye nyuzinyuzi pale kilipovunjika, usikivunje, usikikate, usikisugue. Kilowanishe, kifunge kwenye nailoni nzito, na uwaulize watu wa afya wa halmashauri pa kukipeleka.

Tuje kwenye maji, maana hapo ndipo fundi wako hakukuuliza kitu. Njia yako inateremka kutoka getini kuja barazani. Njia ya namna hiyo ikitengenezwa bapa kwa upana wake, ni mfereji wenye slabu. Mambo mawili yanahitajika. La kwanza ni njia kulala upande mmoja, ule ulio mbali na ukuta na mbali na bustani usiyotaka ifurike. Kwa upana wako wa mita 1.2, upande wa chini uwe chini kwa sentimita 2 na nusu. Mtu akitembea hausikii mlalo huo, fimbo ya mama haiusikii, lakini maji yanausikia. Namna ya kuupima: chukua ubao mnyoofu wa mita 1.2, upande mmoja wa chini yake pigilia kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 2 na nusu, weka pima maji juu. Kipande kiwe upande wa njia unaoshuka. Kiputo kikikaa katikati, mlalo umepatikana. Kila safu ipimwe na ubao huo huo.

La pili ni mfereji wa kukinga, unaokata njia kwa upana mita moja hivi kabla ya baraza, wa sentimita 15 kwa 15, wenye wavu wa chuma juu, ukielekea upande ule ule njia inakolalia na kutokea bondeni, au kwenye shimo la kokoto lililo mbali na msingi. Matundu ya wavu yawe madogo kuliko ncha ya fimbo. Na uso wa njia ukifika ukutani uwe chini ya mstari wa kuzuia unyevu (lile tabaka lililowekwa chini ya ukuta, juu ya msingi, unyevu usipande) kwa sentimita 15. Kama nyumba ni ya tofali za kuchoma, acha na ukanda wa kokoto wa upana wa kiganja kati ya slabu na ukuta, matone yanayoruka yasikae yanaloanisha tofali.

Kitanda sasa. Chimba sentimita 18 kutoka pale unapotaka uso wa njia uwe: 5 za slabu, 3 za vumbi la kokoto, 10 za moramu. Chimba kwa upana wa mita 1.4, yaani zaidi ya slabu kwa sentimita 10 kila upande. Ukifika hapo na bado unakuta udongo mweusi wenye mizizi, endelea mpaka ardhi ikaze. Kanyaga kwa kisigino kwa nguvu, kisibaki na alama ya kuzama. Kama shimo limezidi kina, jaza kwa moramu. Usirudishe ule udongo uliotoa, na usijaze pumisi hata kama imejaa tele uani. Inapitisha maji vizuri sana, lakini punje zake zinapondeka ukishindilia na zinaendelea kupondeka baadaye.

Moramu inayofaa ina kokoto na unga kwa pamoja, si mawe matupu wala udongo mwekundu mtupu. Kwa njia yako zinahitajika mita za ujazo 2 zikiwa zimeshindiliwa, kwa hiyo agiza 2 na nusu za kumwaga. Unyevu wake unapimwa kwa ngumi: kamata konzi moja ubane, ufungue. Donge likishika umbo na ukilibonyeza likakatika vipande viwili safi, shindilia. Likimwagika, ongeza maji. Likichafua kiganja kwa tope, subiri likauke. Tandaza nusu ya kina, shindilia, halafu nusu nyingine. Kompakta ya kukodi ni nzuri, lakini kwa mita 14 si lazima. Kopo la rangi la lita 4 lililojazwa zege na kusimikwa mti katikati linatosha, mradi vijana wasichoke kabla ya moramu. Imeiva pale kishindilio kinaporuka juu badala ya kutua kwa sauti nzito.

Juu yake vumbi la kokoto, sentimita 3. Mchanga wa mto nao unatumika, lakini kwenye mteremko mimi sipendi. Punje zake ni za mviringo na hutembea, wakati za vumbi la kokoto zina kona na zinashikana. Laza mirija miwili ya chuma yenye unene sawa sawa kandokando, mimina vumbi katikati, vuta ubao mnyoofu juu ya mirija, kisha itoe na ujaze mifereji iliyobaki. Baada ya hapo hakuna kukanyaga.

Sasa utaona mafundi wengi wakiweka madonge matano ya saruji, manne konani na moja katikati, kisha slabu juu. Kataa. Slabu inakaa juu ya vidonge hivyo na pengine pote ni tupu, hapo ndipo maji yanapita, siafu wanahamia, na slabu inavunjika ikikanyagwa kati ya donge na donge. Slabu ilale chini yake pote kwenye vumbi. Saruji utaitumia kwenye kingo na safu ya mwisho tu, inayopakana na mfereji, kwa sababu hapo maji yanagonga.

Anza kulaza kutoka chini, kwenye mfereji, ukipanda kuelekea getini, ili kila safu iegemee iliyo chini yake. Uzi uvutwe pande zote mbili kwenye vigingi. Slabu ishushwe kwa mikanda ya watu wawili, isitupwe kona kwanza maana itachimba kitanda. Ikikaa, iwe juu ya uzi kwa nusu sentimita, kisha igongwe kwa nyundo ya mpira, au nyundo ya kawaida juu ya kipande cha ubao, mpaka iguse. Nafasi ya viungo utaipata kwa kuchomeka vipande vya nondo ya milimita 10 kati ya slabu na slabu, na kuvitoa safu ikikamilika. Simama juu ya slabu, tikisa uzito kona kwa kona. Ikicheza hata kidogo, inyanyue, kwangua au ongeza vumbi, irudishe. Usikubali kuambiwa itakaa yenyewe. Na zile mpya zitawanywe katikati ya za zamani, moja huku moja kule. Zote zikikaa upande mmoja zitaonekana viraka, wakati zikitawanywa, mvua za msimu mmoja au miwili zitazififisha.

Kingo ndizo zinazozuia kitanda kisitoke pembeni, na hapa ndipo slabu zilizopasuka zinapopata kazi. Utazikata vipande vya upana wa sentimita 20. Chora mstari pande zote mbili, pitisha tindo juu ya mstari mara kadhaa, ukigonga kidogo kidogo mpaka mfereji uonekane, laza slabu juu ya nondo iliyopangwa sambamba na mstari, kisha pigo moja zito. Inakatika karibu na pale ulipotaka, na ubavu uliochanika unafukiwa chini. Simamisha vipande hivyo kwa ubavu kandokando ya njia, upande wa nje weka zege jepesi la 1:3:6 (saruji moja, mchanga tatu, kokoto sita) hadi nusu ya kimo. Upande wa chini wa mlalo, ukingo usizidi uso wa slabu, la sivyo umeyafungia maji yako mwenyewe njiani. Watu husimika tofali za kuchoma hapo kwa urembo, ila kwenye unyevu wa Mbeya zinaanza kumomonyoka mapema.

Viungo jaza vumbi la kokoto kavu kwa ufagio, rudia baada ya siku kadhaa. Ule mchanganyo mkavu wa saruji na mchanga unaomwagiwa maji unashika vizuri, lakini unachafua uso wa slabu na ufa ukitokea majani yanapenya humo humo. Kwa njia iliyolala juu ya kitanda kisicho na saruji, kiungo nacho kisiwe na saruji.

Kwenye mparachichi, mzizi mnene usiukate, hasa ulio karibu na shina. Mti unaweza kudhoofika, na upepo ukija una pa kuuangushia. Inua njia kidogo kidogo kuanzia safu tatu kabla ya mzizi, ipite juu yake na kushuka tena bila ngazi wala kingo ya kujikwaa. Kama hata hivyo haitoshi, pindisha njia. Matawi yanayofunika njia punguza, kwa sababu ukoga unaota pale jua lisipofika, na parachichi lililoiva likidondoka njiani linateleza kuliko ukoga.

Mifuniko ya shimo la maji taka iache. Hiyo ina nondo, na hewa ya shimo huharakisha kutu na kula zege kutoka chini, kwa hiyo hata ikionekana nzima juu, huijui chini ikoje. Zaidi ya hapo, ukiitoa unabaki na shimo wazi kwenye nyumba yenye watoto na mama mzee. Kama shimo halitumiki tena, linyonywe kwanza, lijazwe mawe na moramu na kushindiliwa mpaka juu, ndipo mifuniko ivunjwe. Mtu asiingie ndani kwa sababu yoyote ile, hewa ya humo inaua bila kunuka kwa onyo.

Kuhusu fundi, usimwajiri kwa deiwaka, yaani kwa malipo ya siku, kwenye kazi hii, na usimlipe yote mwishoni. Patana kwa kazi, malipo mara tatu: akimaliza kuchimba, akimaliza kushindilia moramu na wewe umeikanyaga kwa kisigino kabla haijafunikwa, na slabu ya mwisho ikilala. Malipo ya katikati yawe makubwa kuliko mengine. Gari halipiti hapo, natumaini. Slabu za sentimita 5 zisizo na nondo ni za miguu, toroli na baiskeli. Pikipiki ya jirani ivumiliwe, kirikuu hapana.

Mvua ya kwanza ya Novemba ikinyesha, chukua mwavuli utoke na chaki. Pale maji yanaposimama weka alama kwenye slabu. Siku ikikauka inyanyueni, ongeza vumbi la kokoto, pimeni tena kwa ule ubao wenye kipande, irudi. Slabu mbili au tatu za namna hiyo msimu wa kwanza ni kawaida. Zikizidi sita mahali pamoja, moramu ya hapo haikushindiliwa, na fundi arudi.